Fulana za Kiboko

Kiboko alichimba mafuta bwawani, yakamwagika, maji yakawa meusi tii. Akawaita vyura, bata na kobe, akawagawia fulana zilizoandikwa "Bwawa Letu, Jukumu Letu."

"Sisi ni familia moja," akasema. "Safisheni."

Kisha akamwagiza mlinzi wake, Kifaru, ambaye hakupenda kufikiri ila alipenda kutii: "Asiye na fulana si wetu. Asipite langoni kwangu."

Bwawa likiwa bado jeusi, faida ikaingia. Kiboko akaandaa karamu ya wakubwa wenzake. Lakini waliotangulia kufika walikuwa vyura, bata na kobe, fulana zimelowa mafuta. Kifaru akazisoma, akafungua lango. Wakala pilau mpaka ukoko.

Kiboko akaja na suti yake mpya.

"Fulana iko wapi, mzee?" Kifaru akauliza.

"Mimi ndiye niliyezigawa."

"Najua, mzee. Lakini hukuvaa."

Chura mmoja akasikia, akavua fulana yake ndogo, akaipitisha chini ya lango pamoja na ufagio.

"Vaa yangu, ndugu yetu," akasema. "Pilau tumemaliza, ila bwawa tumekubakizia."