Mito Miguuni

Baada ya chakula cha mchana, Mzee Faki alipanda kitandani, akaugeukia ukuta tena, kama jana. Bi Zuhura, mkewe, akabaki mlangoni akiutazama ule mgongo. Tangu waoane walilala wakitazamana. Kupeana mgongo kwao kulikuwa ugomvi.

“Baba Hidaya, nimekukosea nini?”

“Hujanikosea, mke wangu. Ni hiki kiungulia. Daktari kasema nilalie ubavu wa kushoto, na kushoto kwangu ndiko uliko ukuta.”

“Na kusema ulishindwa?”

“Niliogopa utanicheka.”

Bi Zuhura akacheka kweli, mpaka akashika mlango.

“Basi njoo ulale huku nje, mimi niende ukutani.”

“Wewe unayeamka alfajiri kukanda maandazi? Utanikanyaga.”

Bi Zuhura akafikiri kidogo. Kisha akaichukua mito yote miwili, akaihamishia miguuni.

“Haya, kichwa huku.”

Mzee Faki akajigeuza taratibu, akalalia ubavu wake wa kushoto. Bi Zuhura akajilaza pembeni, wakatazamana. Dirisha lililokuwa vichwani miaka yote sasa lilikuwa miguuni, na upepo ukaanza kuwatekenya nyayo.