Koti la Mcheza Chatu

Nyamizi alimlaza chatu kwenye karai la maji ya uvuguvugu, akamshika kichwa kisizame. Utitiri uliomganda magambani ukaanza kuelea kama pilipili manga iliyosagwa.

“Na lile koti ulichome,” jirani yake Mbuke alisema kutoka nje ya ua. Tangu mazishi hakuna aliyeingia humo ndani. “Wadudu wamejificha kwenye mishono. Usipolichoma, watamrudia.”

Lilikuwa koti la marehemu mumewe, alilolivaa akimchezesha chatu ngomani. Siku hizi chatu alililalia. Nyamizi naye, nyumba ikimwelemea kwa ukimya, alizamisha uso wake humo.

Alilitia motoni, akasimama upande moshi ulikoelekea.

Chatu, sasa safi, alilikataa gunia jipya alilotandikiwa. Akazunguka chumba kizima, akipapasa kila pembe kwa ulimi.

“Hayupo,” Nyamizi akamwambia. “Hata mimi nimetafuta.”

Kisha akavua kanga yake mabegani, ingali na joto lake, akaitandika juu ya gunia, akarudi nyuma. Chatu akajikokota hadi kwenye pindo lake, akasita, ulimi nje.