Tonge la Kwanza

Mwanakombo aliipua chungu cha ndiga. Mwaka ule wa njaa mji mzima uliishi kwa viazi hivyo vya mwituni, ambavyo sharti vilowekwe mtoni mpaka sumu yote iishe. Na desturi ilikuwa moja: aliyeloweka ndiye anayekula tonge la kwanza, na wengine husubiri mpaka kivuli cha paa kifike kisimani.

Yeye alivitoa majini mapema, kwa kuwa watoto walikuwa wakilia. Alivionja kwa ncha ya ulimi, akaona havichomi. Sasa hakuwa na hakika tena.

"Mbona huli?" aliuliza Bi Chausiku, mama mkwe wake, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemsemesha.

"Nangoja vipoe, mama."

Bi Chausiku alimtazama usoni, kisha akalitazama tumbo lake, ambalo mimba ilikuwa imeanza kulijaza.

"Vililala majini vya kutosha?"



"Tuvimwage, mama."

"Halafu tule nini?"

Bi Chausiku akamega kipande, akakitafuna, akameza. Kisha akageuza kigoda apate kukiona kivuli.

"Washike watoto. Asiguse mtu."

Kivuli kilikuwa hakijafika hata nusu ya ua Bi Chausiku alipokohoa, akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. Mwanakombo aliruka kusimama.

"Kaa, mwanangu. Ni moshi tu."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Na moto ulikuwa umezimika zamani.