Mtu wa Mto

Siku hizo mto ulikuwa na haki zake kisheria: aliyetumbukia alikuwa wa mto, na aliyethubutu kumtoa alilipa kwa mtu mwingine wa nyumbani kwake.

Mkude na mkewe Asumini walishuka bondeni wakiwa na kasia, kutafuta mahali pazuri pa kushushia mitumbwi ya wapiga makasia wa maji ya kasi. Mkude alikanyaga jiwe lenye utelezi, akaanguka majini, akadaka mzizi.

"Nipe kasia, mke wangu!"

Asumini akamnyooshea, naye akalishika. Hapo kamera irukayo ya walinzi wa mto ikashuka juu yao, ikasema kwa upole, "Dada, ukimvuta, tutamchukua Chiku."

Chiku alikuwa binti yao wa pekee. Asumini akasita.

"Vuta!" Mkude alifoka. "Mtoto tutazaa mwingine!"

Asumini alimtazama mumewe usoni, kisha akaliachia kasia. Maji yakambamiza Mkude mwambani, yakaondoka naye.

Jioni, alipoambiwa kuwa baba yake amechukuliwa na mto, Chiku alilia sana, halafu akauliza kama alisema lolote.

"Alikutaja wewe," mama yake akajibu, akaendelea kusonga ugali.