Kitabu cha Adhabu cha Mtaa wa Tolliver

"Basi niambie, kila asubuhi nilikuwa naenda wapi?" Beryl Ogden aliuliza, na kiganja chake kikatua mezani kwa kishindo hadi wasomaji wawili wakainua vichwa. "Sokoni?"

Nadeem, kijana wa chumba cha nyaraka, alirudia kwa upole kwamba kwenye orodha yake hakuna shule ya Mtaa wa Tolliver. Salford ina mitaa mingi, huenda bibi amechanganya. Hapo ndipo alipoharibu. Bibi wa miaka themanini na tatu anaweza kuchanganya dawa, miwani na siku za wiki, lakini ukimwambia amechanganya mtaa, jitafutie pa kujificha.

Alirudi kila siku kwa wiki tatu. Kwanza alidai ramani za enzi ya Malkia Victoria, akaliona jengo: refu, jembamba, milango miwili, wavulana huku na wasichana kule, utadhani wakikutana mlangoni watalipuka. Leo hapo ni maegesho ya duka kubwa. Beryl alikwenda akasimama katikati ya magari. Alipopigiwa honi, alimtukana aliyepiga honi hadi akazima gari.

Kisha akahamia kwenye magazeti. Shule ilifunguliwa 1878, ikabomolewa 1969 pamoja na mtaa mzima. Watoto walipelekwa shule ya kanisa ng'ambo ya reli, na hiyo nayo ilipofungwa, makaratasi yote yalifungashwa kwa jina la kanisa.

"Kumbe iliolewa ikabadili jina," Nadeem alisema.

Beryl hakucheka. Alikuwa anataka kitabu kimoja tu, cha adhabu. Sheria ilikuwa kwamba kila mtoto akipigwa, iandikwe humo: tarehe, jina, kosa, adhabu, aliyeitoa. Nadeem alipouliza anamtafuta mtoto gani, bibi alitaja darasa zima, kutoka Ashworth hadi Yates bila kuvuta pumzi, halafu akarudi kwa Lacey.

Desmond Lacey, miaka tisa. Machi 1964 alicheka wakati wa hesabu, akapigwa kofi la sikio, akaanguka, na damu ikamtoka. Upande ule hakusikia tena. Mama yake alikuja mbio kutoka kiwandani, aproni bado kiunoni. Mwalimu mkuu alimjibu kwamba kitabuni hakuna kitu, kwa hiyo hakuna aliyepigwa, na mwanawe ni mwongo. Jina likamganda. Desmond Mwongo shuleni, Desmond Mwongo kazini, Desmond Mwongo kwenye baa akiwa na mvi. Alizikwa Februari, na hata makaburini kuna mzee mmoja alilitaja jina hilo, watu wakacheka.

Nadeem aliuliza kama walikuwa marafiki.

"Nilikuwa chumbani mle," Beryl alisema. "Nilikuwa karibu naye kuliko hii meza. Na nilinyamaza, kama wote walivyonyamaza."

Utani ukamwisha kijana. Alisema siku akikutana na mtu aliyempiga yule mtoto, atamwambia maneno mawili.

"Mawili hayatoshi."

Sanduku la mwisho lilifika Alhamisi. Kitabu kilikuwa chini kabisa, jalada jeusi limeliwa na unyevu. Beryl alifunua kurasa kwa kidole kimoja, midomo ameibana. Machi 11, fimbo mbili, kuleta panya darasani. Machi 13, fimbo moja, kuchelewa. Kati ya tarehe hizo, mstari mmoja mtupu.

"Wameuruka," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini shingo ilikuwa nyekundu. "Mafedhuli. Nafasi waliiacha, mkono ndio ukawa mzito."

Nadeem aliomba radhi kana kwamba kitabu ni chake. Akamshauri atoe ushahidi wake kwenye karatasi nyingine, yeye atauweka ndani ya faili, kando ya kitabu.

"Kando ndiko alikokaa maisha yake yote."

Akachukua penseli ya Nadeem. Kijana alisimama, akasema bibi, tafadhali, hairuhusiwi, hiyo ni mali ya umma, nitafukuzwa. Beryl alimtazama mara moja, naye akajikuta amekaa tena.

Akaandika taratibu kwenye ule mstari, herufi zimenyooka. Machi 12. Desmond Lacey. Kosa: hakuna. Adhabu: kofi la sikio, damu ikatoka.

Ikabaki safu ya mwisho, ya aliyetoa adhabu. Hapo alikandamiza penseli hadi karatasi ikataka kuchanika: Beryl Ogden, mwalimu wa darasa.