Msusi Aliyenyamaza

Mwanaidi alikuwa msusi hodari aliyeponzwa na maneno. Wiki iliyopita, akiwa katikati ya kusimulia kisa cha jirani, mistari ya bibi harusi mmoja ilipinda hadi ikakutana juu ya sikio. Kwa hiyo leo, kabla ya kumgusa Saumu aliyekuwa anaolewa na Hamdani jioni, alijaza maji mdomoni ili asiweze kuzungumza.

Mstari wa kwanza ulinyooka. Wa pili pia.

"Dada Mwanaidi, mbona kimya?" Saumu aliuliza, akimtazama kwenye kioo cha mkononi.

Mwanaidi akatikisa kichwa.

"Wewe hunyamazi hata msibani. Umesikia nini kuhusu Hamdani?"

Akatikisa tena, kwa nguvu zaidi.

"Mashavu yamekuvimba kwa siri! Ana mke mwingine?"

Mwanaidi alikuwa amefika nyuma ya sikio, mahali pagumu, na macho yake hayakutoka kwenye kitana.

"Hata kunitazama huwezi. Basi anaye!"

Mwanaidi akameza maji haraka. "Sijasikia lolote, mdogo wangu, wallahi!"

"Mbona umemeza kwanza?" Saumu akainuka. "Nakwenda kumuuliza mwenyewe."

Majirani waliwaona wakishuka kwa akina Hamdani. Bibi harusi alikuwa mbele, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Msusi alimfuata mgongoni kwa hatua fupi fupi, akiapa kwa sauti, na vidole vyake bado vinasuka, mstari ukizidi kunyooka.