Ndala Ukingoni

Dereva alizima tingatinga, akateremka mbio.

"Mama, hizo ndala umezitoa wapi?"

"Hapo ukingoni mwa shimo," Fadhila akajibu. "Ni za mume wangu. Nimekwenda kuzisuuza, maana leo Ijumaa, atakwenda msikitini."

Nyuma ya dereva, pale palipokuwa na shimo asubuhi, sasa palikuwa sawa na ardhi nyingine. Udongo ulikuwa mbichi, umeshindiliwa.

Fadhila alikuwa ameshuka kutoka Usangi jana yake tu, hajapata kuyaona machimbo ya jasi. Hakuna aliyemwambia kwamba mchimbaji akiingia shimoni huacha ndala zake ukingoni, na kwamba dereva, kabla ya kufukia shimo lolote, hutazama ndala tu. Kuita hakufai, malori ya kiwanda cha bodi za dari yananguruma hapo kutwa nzima.

"Niliangalia, mama," dereva alisema. "Wallahi niliangalia. Hapakuwa na kitu."

Wapakiaji wa malori walikuja na makoleo. Mmoja akauliza waanzie wapi.

Fadhila alizitazama ndala. Alikuwa amezisugua kwa mchanga mpaka vumbi jeupe likatoka lote, hata lile lililoganda chini ya kanda. Zilikuwa bado zinadondosha maji.

Akapiga magoti juu ya udongo ule, akaziweka chini sambamba, kama alivyozikuta.